Ukuta Mkavu, Barafu ya Siku Tatu: Kuhami Kasha la Barafu Ndani ya Boti ya Uvuvi

Saa 11 alfajiri boti inarudi kutoka maji makuu. Nahodha anafungua kifuniko cha kasha la barafu na wote wanachungulia. Walitoka na barafu ya kutosha siku tatu, au ndivyo walivyodhani; sasa nguru wanaelea kwenye maji mekundu. Mnunuzi wa kwanza anamwinua samaki, anafunua shavu, anatazama matamvua, kisha anambonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Alama ya kidole inabaki. Hasemi neno. Anamrudisha samaki taratibu na kusogea kwenye boti ya pili.

Nimeyaona haya ufukweni zaidi ya mara moja, na karibu kila mara lawama huiendea barafu: ilikuwa laini, ilikuwa chache, muuzaji alipunja. Ni nadra kumwona mtu akigonga ukuta wa kasha lenyewe na kuuliza ndani yake mna nini. Makala hii inahusu ukuta huo. Imeandikwa kwa mwenye boti, nahodha na fundi anayetaka kujenga kasha la kudumu ndani ya chombo, liwe kwenye boti ya mbao ya pwani au boti ya faiba inayokusanya sangara visiwani Ziwa Victoria. Kanuni ni zile zile.

Barafu umeinunulia kazi gani?

Samaki akishatoka majini, bakteria waliomo kwenye ngozi, matamvua na tumbo huanza kumla. Kasi yao inategemea joto. Kwenye nyuzi 0, samaki wengi wa maji yetu hubaki wazuri kwa wiki moja na zaidi. Kwenye nyuzi 30, siku moja haipiti kabla hajaharibika.

Kuna pia hatari isiyoonekana kwa macho. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini. Mlaji huwa mwekundu usoni, huumwa kichwa, huwashwa mwili na pengine kuharisha. Histamini ikishaingia kwenye nyama haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kugandisha wala kukamulia ndimu. Kinga ni moja tu: kumpoza samaki mapema na kumweka chini ya nyuzi 4 mpaka afike sokoni.

Barafu inaifanya kazi hiyo kwa kuyeyuka. Kilo moja ya barafu, hadi iishe kuyeyuka, humeza joto ambalo lingeweza kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo nguvu uliyoilipia. Kwa hiyo kuyeyuka si hasara. Hasara ni barafu kuyeyukia pasipofaa. Ikiyeyuka kwa kumpoza samaki, imefanya kazi yake. Ikiyeyuka kwa kupoza mbao, injini na jua la adhuhuri, umeitupa baharini.

Hesabu ya kumpoza samaki ni nyepesi: zidisha kilo za samaki kwa nyuzi za joto lake, kisha gawa kwa 100. Kilo 200 za samaki waliotoka kwenye maji ya nyuzi 29 zinahitaji kilo 58 za barafu ili kushuka hadi nyuzi 0. Ni kidogo kuliko wengi wanavyofikiri. Barafu nyingine yote unayopakia inapambana na joto linalopenya kutani.

Joto linaloingia kwa siku moja

Tuchukue kasha lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 80 na kina cha 70 kwa vipimo vya ndani. Linachukua bila shida kilo 200 za samaki na barafu ya uzito kama huo. Ukijumlisha kuta nne, sakafu na kifuniko, unapata eneo la karibu mita 5 za mraba. Nje nyuzi 30, ndani nyuzi 0. Kwa saa 24, joto linalopita kwenye kuta pekee litayeyusha takribani:

– Ubao mtupu wa sentimita 4, usio na kihami joto: kilo 90 hadi 100 za barafu.
– Povu gumu kavu la sentimita 5: kilo 23.
– Povu gumu kavu la sentimita 10: kilo 12.

Hapo hatujahesabu kufungua kifuniko wala jua linalopiga moja kwa moja. Sasa zidisha kwa siku tatu. Kasha la ubao mtupu linataka karibu kilo 300 kulisha kuta zake kabla samaki hajapata chochote, na barafu hiyo haiwezi hata kuenea humo pamoja na samaki. Kasha la sentimita 10 linataka kilo 36. Ongeza zile 58 za kumpoza samaki, unapata 94. Ukipakia kilo kwa kilo, yaani 200 za barafu kwa 200 za samaki, kama inavyoshauriwa kwa nchi za joto, una akiba ya kufungua kifuniko, ya upepo kukataa, hata ya injini kukuangusha njiani.

Kwa safari za siku mbili hadi nne, basi, sentimita 10 ndicho kipimo cha kulenga. Sentimita 5 zinatosha boti inayolala usiku mmoja. Kuzidi 15 kunakula nafasi ya samaki bila faida kubwa.

Elimu hii ni ya zamani. Mwaka 1833 meli Tuscany iliondoka Boston, Marekani, na tani 180 za barafu iliyokatwa ziwani, ikaelekea Calcutta, India. Ilivuka ikweta mara mbili na kukaa baharini miezi minne. Ilipotia nanga, tani 100 hivi zilikuwa bado barafu. Haikuwa na mashine yoyote ya baridi. Ilikuwa na ngama iliyopangwa vizuri, kuta nene zilizojazwa kihami joto, na watu waliojua kwamba kihami hicho lazima kibaki kikavu.

Adui wa pili ni maji

Kwenye karakana moja ya boti kusini mwa pwani ya Tanzania, niliwahi kusimama karibu na fundi aliyekuwa akibomoa kasha la miaka minne. Mwenye boti alilalamika kwamba zamani barafu ilikuwa inakaa siku tatu, siku hizi haimalizi ya pili. Kwa macho, kasha lilikuwa zima: jeupe ndani, ufa mmoja tu mwembamba kama unywele kwenye kona ya sakafu. Fundi alikata ukuta kwa msumeno, akachomoa kipande cha povu cha ukubwa wa tofali na kuniwekea kwenye kiganja cha kushoto. Kiganja cha kulia akaniwekea kipande kipya cha ukubwa ule ule. Kile kipya kilikuwa kama sijashika kitu. Kile cha zamani kilikuwa kizito kama chupa ya maji iliyojaa. Akakichukua tena, akakiminya. Kikavunjika, na maji yenye harufu ya samaki yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Ule ufa ndio uliokuwa umekunywa barafu ya watu kwa miezi mingi. Povu huzuia joto kwa sababu limejaa vijichumba vya gesi iliyotulia. Maji yakichukua nafasi ya gesi hiyo mambo yanageuka, kwani maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko povu kavu. Na si joto pekee. Kuta za kasha letu zina karibu nusu mita ya ujazo ya povu. Nusu yake ikilowa, boti imebeba kilo 250 za ziada ambazo hakuna aliyezipakia na hakuna anayeweza kuzishusha wakati bahari imechafuka.

Maji huingia kwa njia nne: nyufa na matundu ya skrubu upande wa ndani, mdomo wa bomba la kutolea maji, maji ya ngama yanayopanda kutoka chini, na unyevu wa hewa. Hii ya nne wengi hawaijui. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu hutoka kwenye joto kuelekea kwenye baridi. Unapenya ukuta kutoka nje, unafika karibu na barafu, unageuka matone humo humo. Ndiyo maana ngozi isiyopitisha maji inatakiwa pande zote mbili za povu, na ya upande wa nje, ule wa joto, isisahaulike.

Kuchagua kihami joto

*Povu la poliurethani.* Ndilo bora kwa unene mdogo. Linauzwa kama mbao ngumu zilizokatwa, au kama vimiminika viwili vinavyochanganywa na kumiminwa. Tafuta lenye uzito wa kilo 30 hadi 40 kwa mita ya ujazo. Sakafuni, panapobeba mzigo na kukanyagwa, weka zito zaidi.

*Polistairini.* Ni ile nyeupe inayofungiwa televisheni mpya. Ni rahisi na inapatikana, lakini ile ya chembechembe hufyonza maji taratibu na inahitaji unene zaidi: panapotosha sentimita 10 za poliurethani, weka 13 au 14. Ile iliyoshindiliwa, ya rangi ya buluu au waridi, huvumilia maji vizuri zaidi. Angalizo kubwa: resini ya poliesta inayotumika kwenye faiba huiyeyusha polistairini kama maji ya moto yanavyoyeyusha sukari. Petroli nayo huila. Ukitaka kupaka faiba juu yake, tumia resini ya epoksi, au weka plaiwudi katikati. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

*Maranda, pumba za mpunga na makumbi ya nazi.* Yakiwa makavu yanahami, ingawa yanataka unene mara mbili na zaidi. Chomboni hayadumu: hulowa, hushuka na kuacha tundu tupu juu, huoza na kualika wadudu. Yanafaa kufunika barafu bandani nchi kavu.

*Pamba ya kioo.* Iache kwa majengo. Ikilowa, imekwisha.

*Friza bovu.* Wavuvi wengi wameanza na friza lililokufa, na si vibaya kama hatua ya kwanza kwa sababu lina povu zuri ndani. Ila bati lake hushikwa na kutu ya chumvi, na tundu la kwanza la kutu ndio mwanzo wa povu kulowa. Ukilitumia, fundi friji aitoe gesi kabla ya mashine kung'olewa, kufuli lake ling'olewe, na bati lipakwe rangi ya kuzuia kutu nje na ndani ya kila tundu jipya.

Mahali pa kasha

Lijengwe katikati ya boti au nyuma kidogo ya katikati, chini kadiri inavyowezekana, na mzigo ulingane kushoto na kulia. Barafu na samaki wa kilo 400 wakiwekwa juu ya sitaha, wimbi la ubavuni litakukumbusha walipo.

Likae mbali na injini na bomba la moshi. Kama boti ni fupi na hakuna budi, ongeza sentimita 5 za povu upande wa injini na uache nafasi ya hewa kati ya kuta hizo mbili.

Kwenye boti ya mbao, usimimine wala kupuliza povu moja kwa moja juu ya mbao za ubavu. Mbao zinahitaji hewa, na fundi anahitaji kuzifikia siku ya kutia kalafati. Povu likigandia pale, mbao huoza kimyakimya nyuma yake na hutajua mpaka maji yaingie. Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya mataruma na ngozi ya nje ya kasha, iwe wazi juu na chini ili hewa ipite. Kwa njia hiyo kasha linakuwa kama sanduku kamili lililopachikwa ndani ya chombo, na linaweza kutolewa.

Hatua za kujenga

1. Kausha chombo. Kipandishwe, kioshwe kwa maji baridi, kikauke kabisa. Kagua mbao na kalafati sasa, maana baadaye patakuwa pamefunikwa.

2. Pigilia vipande vya kushikilia kasha kwenye mataruma. Visipenye hadi ndani: msumari, boliti au kipande cha chuma kinachounganisha nje na ndani ni njia ya joto iliyonyooka.

3. Funga plaiwudi ya kustahimili maji kama ngozi ya nje. Ipake resini pande zote mbili na kwenye kingo. Kingo ndizo zinazokunywa maji.

4. Panga povu kwa tabaka mbili za sentimita 5, si moja ya 10. Viungo vya tabaka la pili visikutane na vya kwanza, kama fundi mwashi anavyopishanisha matofali. Kila upenyo jaza povu la kopo. Upenyo wa unene wa kidole unaweza kuharibu kazi ya ukuta mzima.

5. Ukimimina povu la vimiminika viwili, mimina kidogo kidogo na uache kila tabaka lipoe. Linapanda kwa nguvu na kutoa joto kali. Likimiminwa lote kwa pamoja hutumbua plaiwudi na huweza kuungua katikati. Egemeza kuta kwa mbao za muda kabla ya kuanza.

6. Ngozi ya ndani iwe plaiwudi ya milimita 9 hadi 12 iliyopakwa angalau tabaka mbili za faiba, au faiba nene yenyewe. Kona zote ziviringwe kwa lahamu ya resini, upana wa kidole gumba. Kona kali hupasuka na haisafishiki. Malizia kwa koti laini jeupe linalofaa kugusana na chakula.

7. Sakafu iinamie kwenye tundu la maji, sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita. Weka wavu au chaga inayotoka ili samaki wa chini wasilale kwenye maji.

Bomba na kifuniko

Hapa ndipo makasha mengi mazuri huharibikia.

Maji ya barafu yanabeba damu, ute na bakteria, kwa hiyo lazima yatoke. Yasitoke kuelekea ngamani, maana boti itanuka na pampu itaziba. Yaende kwenye kidimbwi chake chenye kifuniko, kisha yatolewe kwa pampu ya mkono. Kama sakafu ya kasha iko chini ya mstari wa maji, usitoboe ubavu ukitumaini maji yatatoka yenyewe. Bahari ndiyo itakayoingia. Bomba lipinde kama herufi U ili maji yaliyobaki humo yazuie hewa ya joto kupanda, na liwe na koki. Mdomo wake ndani ya kasha ufungwe kwa faiba mpaka kwenye povu, usiachwe na gundi tupu pembeni.

Kifuniko kiwe na povu la unene ule ule wa kuta. Kifuniko cha ubao mmoja juu ya kuta za sentimita 10 ni kanzu bila kofia juani. Kifungukie juu, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hubaki chini unapofungua. Weka raba mbili, moja ukingoni na moja ndani kidogo, na vibano vinavyovuta chini. Kama kasha ni refu, bora vifuniko viwili vidogo kuliko kimoja kikubwa. Paka nje rangi nyeupe na tandika turubai juu yake lenye nafasi ya hewa katikati.

Kujua kama raba inabana, funga kifuniko juu ya kipande cha karatasi na ukivute. Kikitoka bila kukaza, joto nalo linaingia hapo hapo. Zunguka pande zote nne.

Usalama wa fundi na wa mabaharia

Kimoja cha vimiminika vya poliurethani kina kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Fanya kazi mahali penye upepo, vaa glavu, miwani na barakoa yenye vichujio vya kemikali; kitambaa cha puani hakisaidii. Vumbi la faiba nalo lisivutwe.

Povu linashika moto haraka, na moshi wake una sumu inayoua. Hakuna kuchomelea, sigara wala jiko karibu na povu lililo wazi. Lifunikwe lote kwa ngozi yake kabla boti haijarudi kazini.

Kasha ambalo mtu anaweza kuingia lisiwe na kitasa kinachojifunga chenyewe. Watoto hucheza kwenye boti zilizopandishwa. Na kama kasha kubwa limefungwa siku kadhaa likiwa na mabaki ya samaki, asiingie mtu mara moja. Uozo hula hewa safi na kuacha gesi za sumu. Wapo wavuvi duniani waliokufa kwa kumfuata mwenzao aliyeanguka ndani. Fungua, acha hewa ipite vya kutosha, mwaga maji, na aingie mmoja akiangaliwa.

Kupakia

Usiku wa kuamkia safari, weka kilo 10 hadi 15 za barafu na ufunge. Kasha lililopigwa jua mchana kutwa lina joto lake ndani ya kuta, na usipolipoza mapema litakula barafu yako ya kwanza.

Barafu ivunjwe ndogo kama punje za mahindi hadi kokoto. Pande kubwa hukaa muda mrefu lakini humgusa samaki sehemu chache, na ncha zake humchubua. Ivunjie kwenye gunia kwa nyundo ya mti, nje ya kasha. Nondo na sululu zisiingie ndani kamwe. Ule ufa mwembamba kama unywele huanza na pigo moja.

Tandaza sentimita 10 za barafu sakafuni, na nyingine kandokando ya kuta. Samaki aliyetumbuliwa na kuoshwa apangwe tumbo chini, barafu ijazwe kati ya samaki na samaki, tabaka kwa tabaka, na juu kabisa barafu nyingine. Samaki asiguse ukuta. Anayesubiri zamu yake sitahani afunikwe gunia lililoloweshwa, asiachwe juani hata kama ni kwa muda wa kumaliza kuvuta jarife. Kifuniko kifunguliwe kwa kazi, si kwa kuchungulia.

Kipimo cha ndoo

Kazi ikiisha, utajuaje kama fundi amekujengea kasha zuri? Huhitaji mashine. Unahitaji mzani, ndoo na siku mbili.

Kasha likiwa tupu, weka kilo 50 za barafu na ufunge kwa saa 12 ili kuta zipoe. Fungua koki, toa maji yote, funga tena na uandike saa. Baada ya saa 24 kamili bila kufungua kifuniko, toa maji kwenye ndoo na uyapime. Lita moja ya maji ni kilo moja ya barafu iliyoyeyuka. Kasha letu la mfano, lenye povu la sentimita 10, likitoa lita 12 hadi 15, fundi amefanya kazi safi. Likitoa 25, kuna mahali hewa au joto linapita: anza na raba ya kifuniko, kisha mdomo wa bomba.

Andika namba hiyo kwa rangi upande wa ndani wa kifuniko, pamoja na tarehe. Rudia kila baada ya miezi sita, ikiwezekana mara moja wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali. Kati ya vipimo, osha kasha kila safari kwa maji safi na klorini kidogo, suuza, liache wazi likauke, na ugonge kuta kwa mpini wa kisu. Ukuta mzima hutoa sauti moja kila mahali. Panapobadilika, ngozi imeachana na povu au maji yameingia. Pakate, pakaushe kwa siku kadhaa, pazibwe upya kwa povu na faiba. Ni kazi ya wiki moja na kopo moja la resini. Ukiacha, utabomoa kasha zima.

Namba ikipanda kutoka 13 hadi 16, hadi 20, hakuna atakayeona tofauti kwa macho. Kasha litakuwa jeupe vile vile, na barafu itanunuliwa kwa bei ile ile. Lakini ndoo itakuwa imekwambia, miezi mingi kabla ya mnunuzi yule wa alfajiri kubonyeza ubavu wa nguru na kusogea boti ya pili.